Kiraka cha Faiba Kisichobanduka: Mwongozo Kamili wa Kuziba Tundu kwenye Boti

Malalamiko ni yale yale, uwe Kunduchi, Malindi au Kisumu: "Fundi, niliziba vizuri, nikapaka na rangi, mwezi haukuisha maji yakarudi." Ukikikagua hicho kiraka, mara nyingi unakikuta kizima. Hakikupasuka wala hakikuoza. Kimeachana tu na boti, unakibandua kwa ncha ya bisibisi kama kiraka cha tyubu kilichobandikwa bila kukwaruza mpira.

Kwa hiyo usiilaumu kwanza rezini, ile gundi ya maji inayoloweshwa kwenye faiba ikagandana nayo. Kosa huwa kwenye maandalizi: pameachwa unyevu, pameachwa mafuta, au hapakuchongwa mteremko. Nguvu ya kiraka iko kwenye ule mteremko, na ndiyo maana hatua ya 3 nimeiandika kwa kirefu kuliko zote.

Mwongozo huu ni wa boti ya kawaida ya faiba na poliesta, yenye ukuta wa milimita 6 hivi, inayosukumwa na mashine ya nje. Mfano tutakaokwenda nao ni tundu la upana wa sentimita 10 ubavuni, boti ilipogonga jabali. Kama tundu lako linazidi nusu mita, au limekula mkuku (uti wa chini wa boti), au liko tezi pale mashine inapofungwa, tafuta fundi. Hapo kuna mbao zilizofichwa ndani ya faiba zinazobeba uzito, na kuziba uso peke yake hakusaidii.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Rezini ikishachanganywa haimsubiri mtu aliyetumwa dukani.

- Rezini ya poliesta ya boti, kilo 1. Ukipata aina ya isofthaliki ichukue, inastahimili maji kuliko ile ya kawaida.
- Hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha rezini, kile kichupa kilichoandikwa MEKP.
- Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba, yaani ile ya nyuzi fupi zilizotawanywa. Nusu mita inatosha.
- Faiba ya kufumwa ya gramu 600, kipande cha sentimita 50 kwa 50.
- Jelikoti (lile tabaka gumu la rangi la nje) ya rangi ya boti, na nta yake ya kuchanganya.
- Asetoni lita 1 na vitambaa vyeupe visivyo na rangi ya kutoka.
- Grinda ndogo yenye diski laini ya msasa namba 40. Ongeza msasa wa mkono namba 80, 120, 240 na 400.
- Brashi za bei rahisi za inchi 2, na rola ndogo ya chuma yenye mifereji.
- Sirinji ya mililita 5, vikopo vya plastiki, na mizani ya jikoni.
- Plaiwudi nyembamba au kipande cha fomaika, nailoni nzito, tepu.
- Glavu, miwani inayoziba pembeni, barakoa ya vumbi, barakoa yenye kichujio cha mvuke wa rangi, shati la mikono mirefu.

Pati ya magari haimo kwenye orodha, na si kwamba nimeisahau. Ina unga wa ulanga unaofyonza maji. Kwenye bamba la gari inafaa, lakini kwenye sehemu ya boti inayozama majini inalainika na kuachia.

## Kabla ya kufungua kopo

Hadina ni hatari kuliko inavyoonekana. Tone moja likiingia jichoni linaweza kuondoka na uwezo wa kuona. Miwani inavaliwa kabla ya kufungua kichupa. Likiingia, suuza papo hapo kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa. Usiihifadhi karibu na asetoni, wala usiikutanishe moja kwa moja na ile dawa ya kuharakisha rezini, kwani vikikutana peke yake vinaweza kulipuka.

Asetoni na rezini zote zinashika moto, na mvuke wake hutambaa chini. Hakuna sigara wala jiko la mkaa jirani, na jenereta ikae mbali, upande unakotoka upepo.

Kuhusu majira: masika si wakati wake, labda uwe na banda lisilovuja. Mahali pa kazi pawe kivulini. Jua la saa sita likipiga faiba mbichi, hewa iliyonaswa ndani hutanuka na kuacha mapovu.

## Hatua ya 1: Tafuta mwisho wa jeraha

Tundu unaloliona ni sehemu tu ya uharibifu. Faiba ikipigwa, matabaka huachana pembeni bila kuonyesha kitu kwa nje.

Chukua sarafu, gonga kuanzia mbali kuja tunduni. Penye uzima sauti ni kali na kavu. Matabaka yalipoachana sauti inakuwa nzito, ya bubu. Weka alama ya kalamu kila inapobadilika, kisha unganisha alama. Usishangae ukipata duara mara mbili ya tundu.

Kata kwa grinda kila kilicho ndani ya alama. Wengi hapa huingiwa na huruma, wanaacha vipande vilegevu ili tundu lisikue. Ukiviacha, kiraka chako kitakuwa kimeshikilia kitu ambacho chenyewe hakijashika boti.

Umefaulu kama ukingo wa tundu unaonyesha faiba iliyobana, haina nyuzi nyeupe zilizoachana, na sarafu inatoa sauti moja kuzunguka kote. Tuseme baada ya kukata, tundu letu limebaki na ile sentimita 10.

## Hatua ya 2: Osha, kausha, futa mafuta

Anza na maji baridi na sabuni, ndani na nje, kisha suuza kwa maji mengi yasiyo na chumvi. Chumvi huvuta unyevu hata baada ya boti kuonekana kavu.

Acha ikauke siku kadhaa, si saa kadhaa. Kuipima ni rahisi: bandika kipande cha nailoni angavu karibu na tundu, ziba pande zote nne kwa tepu, kiache usiku kucha. Asubuhi ukiona ukungu au matone upande wa ndani, ukuta bado umebeba maji. Endelea kukausha.

Boti za ziwani ziangaliwe zaidi. Maji baridi hupenya faiba kwa urahisi kuliko maji chumvi, ndipo yanapotokea yale malengelenge kwenye sehemu inayozama majini. Ukilitoboa moja likatoa majimaji yenye harufu ya siki, ujue maji yameshafika ndani, na panahitaji kuchongwa na kukaushwa kwa muda mrefu zaidi.

Sasa futa kwa asetoni: kitambaa kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufutia kabla haijakauka. Fanya hivyo kabla ya kupiga msasa. Boti ikiwa na nta au petroli ukaanza na msasa, unaisukuma ile nta ndani ya mikwaruzo na haitoki tena.

## Hatua ya 3: Chonga mteremko

Mafundi waliokulia kwenye majahazi hupata taabu hapa, na sababu yake naielewa. Ubao wa jahazi unapigwa kalafati, yaani pamba husindiliwa kwenye maungio, na ukiingia majini unavimba na kuibana ile pamba. Maji yenyewe yanasaidia kuziba. Faiba haivimbi. Ukichomeka kitu tunduni, hakuna kinachokibana. Kinachobaki ni gundi kati ya faiba mpya na ya zamani, na gundi inataka eneo.

Ukuta wa tundu una milimita 6. Ukiziba kwa kujaza shimo tu, kiraka kimeshikwa kwenye ukanda wa milimita 6 peke yake. Ukichonga mteremko, ukanda huo unapanuka.

Kipimo kinachotumika kwa ukuta unaobeba mzigo ni 12 kwa 1: kila milimita ya unene, mteremko wa milimita 12. Kwetu sisi ni 6 mara 12, yaani milimita 72. Sema sentimita 7 kila upande. Tundu la sentimita 10 linageuka bakuli la sentimita 24.

Ndiyo, ni kubwa. Nahodha atakuja, atashika kichwa: "Mwanangu, nimekuletea tundu la kiganja umenifanyia la sinia!" Mwonyeshe kwamba tundu lenyewe halijaongezeka, kilichopanuka ni bakuli linalolizunguka.

Fanya hivi:

1. Chora duara la sentimita 24 kwa kalamu, katikati yake liwe katikati ya tundu.
2. Tandika turubai chini ili vumbi lisibaki mchangani. Vaa vyote: barakoa, miwani, glavu, mikono mirefu. Watoto na vyakula viondoke upande upepo unakovuma kwenda.
3. Laza grinda karibu bapa, anzia ukingoni mwa tundu, rudi nyuma polepole kuelekea mstari. Usisimamishe diski, itachimba mfereji.
4. Angalia matabaka yanavyojitokeza. Mteremko ukiwa sawa, kila tabaka la zamani linaonekana kama pete, na pete zote zina upana unaokaribiana. Mahali pete zimebanana pana mwinuko mkali. Rudia hapo.
5. Ukingo wa tundu uishie kuwa mwembamba kama wembe.
6. Ondoa rangi na jelikoti sentimita 3 zaidi nje ya duara. Rezini isishike rangi, ishike faiba.
7. Upande wa ndani ya boti, kwaruza kwa msasa namba 40 eneo linalozidi tundu kwa sentimita 10 kila upande.

Futa vumbi kwa brashi kavu, kisha asetoni kwenye kitambaa safi. Kuanzia hapo usipaguse kwa mkono mtupu. Jasho la kiganja ni mafuta.

Umefaulu kama uso wote umefifia. Ukiuona unang'aa popote, hapo hapajakwaruzwa, na hapo ndipo kiraka kitakapoanzia kuachia.

## Hatua ya 4: Weka kiegemeo cha ndani

Faiba mbichi haisimami hewani, inahitaji kitu cha kuilalia. Zungushia plaiwudi au fomaika kwa nailoni, ivute isiwe na mikunjo, kisha iegemeze kwa ndani ya tundu kwa tepu au kijiti cha kusukumia. Poliesta haishiki nailoni, kwa hiyo itaachia baadaye bila vita.

Ukuta ukiwa na mpindo, tumia fomaika inayopinda kuufuata.

Kama ndani hakufikiki kwa sababu boti ina sakafu mbili, tengeneza sahani. Juu ya ubao uliofunikwa nailoni laza mati mbili zenye rezini, ziache zikauke, kata umbo la yai lililo refu kuliko tundu. Likwaruze, litoboe katikati upitishe waya, liingize tunduni kwa ubavu, paka rezini iliyokolezwa kwa nyuzi za mati zilizokatwa, kisha livute kwa waya libane kwa ndani. Likishakauka kata waya. Sahani hii haitoki, inabaki kuwa sehemu ya kiraka.

Boti ilaze au iegemeze mpaka tundu litazame juu, au angalau pembeni. Kazi ya kutazama chini humwaga rezini begani mwako na kuacha mapovu kwenye kiraka.

## Hatua ya 5: Kata matabaka, yote, yakiwa makavu

Mati moja ya gramu 450 ikishaloa na kukauka inatoa kama milimita 1. Faiba ya kufumwa ya gramu 600 inatoa pungufu kidogo ya hapo. Kwa ukuta wa milimita 6 panga hivi kutoka chini: mati, mati, kufumwa, mati, kufumwa, mati. Nafasi iliyobaki ni ya jelikoti.

Kwa nini kuchanganya? Ya kufumwa ndiyo yenye nguvu ya kuvutwa, lakini ina mabonde na haishiki vizuri ya kufumwa mwenzake. Mati huyajaza yale mabonde na kuyaunganisha matabaka.

Kipande cha kwanza kiwe kikubwa kuliko vyote, kijaze bakuli lote la sentimita 24. Vinavyofuata vipungue hadi cha mwisho kikaribie ukubwa wa tundu. Wapo mafundi wanaoanza na kidogo, na boti zao zinaelea. Mimi naanza na kikubwa kwa sababu tabaka moja zima linaushika mteremko wote, badala ya kila tabaka kushika kwa kijiukingo chake tu.

Vipange kwenye kadibodi kwa mpangilio wa kuvitumia, na vipe namba.

## Hatua ya 6: Changanya kwa kipimo

Mati hunywa rezini kama mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Ya kufumwa hunywa kiasi kinacholingana na uzito wake. Kwa matabaka haya sita gramu 200 zinatosha na chenji inabaki.

Hadina ni kati ya asilimia 1 na 2 kwa uzito, na lebo ya kopo lako ndiyo inayotawala. Kwenye joto la pwani la nyuzi 30, mililita 3 za sirinji kwa gramu 200 ni mahali pazuri pa kuanzia. Koroga polepole dakika nzima, ukikwangua kuta na kitako cha kikopo.

Jaribu kwanza kidogo kwenye kikopo kando, uone inachukua muda gani kuganda siku hiyo.

Hadina ikipungua mno, rezini haikauki hata ukingoje mwaka, na kuongeza baadaye juu yake hakusaidii. Ikizidi, inachemka, inapasuka na kuwa dhaifu. Kwa hiyo nahodha akikwambia, "Ongeza kidogo tushushe boti jioni," jibu ni hapana.

Rezini ikianza kuwa kama uji mzito kikoponi, iache. Iweke nje mchangani, si kwenye pipa la taka. Ikiganda kwa wingi hupata joto la kutoa moshi.

## Hatua ya 7: Laza matabaka

1. Paka rezini kwenye mteremko wote kwa brashi, tabaka jembamba.
2. Laza mati ya kwanza. Isukume kwa ncha za brashi kwa kugonga-gonga. Usiburute, utazivuta nyuzi.
3. Subiri kidogo, mati inabadilika mbele ya macho yako. Inaanza nyeupe kama pamba, kisha gundi kavu iliyoshikilia nyuzi zake inayeyuka, nyuzi zinalegea, inakuwa angavu hadi unaona pete za matabaka ya zamani kupitia humo.
4. Pitisha rola ya chuma kutoka katikati kwenda nje. Utasikia mlio mdogo wa mapovu yakipasuka. Endelea mpaka mlio uishe.
5. Laza mati ya pili na ya kwanza ya kufumwa kwa mtindo huohuo. Tumia rezini inayotoka chini kwanza kabla ya kuongeza nyingine.
6. Simama hapo. Matabaka mengi kwa mkupuo mmoja hupata joto kali, hujikunja na kuvuta ukingo. Pumzisha hadi kiraka kigande na joto lishuke.
7. Malizia matatu yaliyobaki siku hiyohiyo, uso ukiwa bado unanata. Ule mnato ni mzuri, tabaka jipya linashikana na la chini. Ukilala mpaka kesho, piga msasa namba 80 kwanza.

Ukiona doa jeupe baada ya rola, hapo pana hewa au pamekosa rezini. Pagonge tena kwa brashi yenye rezini kidogo. Dimbwi linalong'aa juu nalo si jema: rezini isiyo na faiba hupasuka. Ifyonze kwa brashi kavu.

Umefaulu kama kiraka chote kina rangi moja angavu, unaona mfumo wa nyuzi, na hakuna madoa meupe.

## Hatua ya 8: Tabaka la ndani

Kesho yake toa kiegemeo. Kwaruza mgongo wa kiraka, futa, kisha laza mati mbili kwa ndani zinazozidi tundu kwa sentimita 10 kila upande. Hizi huzuia ukuta kutikisika boti inapopiga mawimbi. Mahali palipotumika sahani, ruka hatua hii.

## Hatua ya 9: Pima kama imekauka, kisha sawazisha

Subiri saa 24 tangu tabaka la mwisho. Kandamiza ukucha: usiache alama. Pitisha kitambaa chenye asetoni. Utando mwembamba wa kunata ukitoka na chini pakabaki pagumu, hiyo ni kawaida, ni hewa iliyozuia uso kukauka. Lakini chini nako pakianza kulainika, rezini haikukomaa. Kwangua yote, rudi hatua ya 3. Najua inauma.

Piga msasa namba 80 kwa ubao bapa mpaka kiraka kishuke chini ya uso wa boti kwa nusu milimita. Usikate tabaka la kufumwa.

## Hatua ya 10: Jelikoti

Changanya jelikoti na nta yake kufuata lebo, tia hadina, paka mara mbili. Nta hupanda juu na kuzuia hewa, uso ukakauka bila kunata. Usiitie nta kwenye rezini ya matabaka ya katikati, kwani hakuna kitakachoshika juu yake.

Ikikauka, msasa wa maji namba 240, kisha 400, halafu ng'arisha.

## Kama umeuziwa epoksi

Inashika faiba ya zamani kuliko poliesta, na kwa boti ya mbao iliyovikwa faiba ndiyo ya kuchagua. Ila mambo matatu yanabadilika. Kwanza, kipimo cha hadina yake hakichezewi hata kidogo, si suala la kuongeza ili iwahi. Pili, mati ya kawaida haiifai, kwa kuwa gundi ya nyuzi zake imetengenezwa kuyeyushwa na poliesta. Tumia ya kufumwa peke yake na uongeze idadi ya matabaka. Tatu, huacha utando kama wa nta juu yake: uoshe kwa maji na sifongo kabla ya msasa. Jelikoti ya poliesta juu ya epoksi haina uhakika, malizia kwa rangi ya boti.

## Kuishusha majini

Ipe kiraka siku kadhaa, wiki ikiwezekana, kabla ya kubeba nyavu na barafu. Safari ya kwanza iwe ya karibu, boti ikiwa tupu. Ukirudi, ipandishe kabla ya kukausha ngama (pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika), uone kama kuna maji yanayotiririka kutoka ndani kwenda nje.

Kagua ukingo wa duara lile la sentimita 24 kwa mwanga wa pembeni, jioni au kwa tochi. Ufa mwembamba kwenye jelikoti peke yake unafutwa kwa msasa na kupakwa upya. Ukiwa na shaka, toa ile sarafu, gonga ukingo wote. Ikilia kavu, rudi baharini. Ikilia bubu hata sehemu moja, usipake kitu juu yake. Chonga hapo tena.